Mukuru: mpango wa wakazi juu ya ardhi ya watu wengine

Agosti 2017, mwezi uleule Wakenya walipopiga kura, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitoa tangazo ambalo wengi hawakuliona. Lilisema Mukuru sasa ni Eneo Maalumu la Mipango: ujenzi mpya ungeweza kusimamishwa kwa muda usiozidi miaka 2, na katika muda huo eneo lote lingechorewa mpango, wakazi wakiwamo mezani. Mtu aliyezoea kulisikia jina la Mukuru kwenye habari za moto, mafuriko na tingatinga angeweza kudhani ni serikali imeamka na huruma. Haikuwa hivyo. Tangazo lile lilivutwa na wakazi wenyewe, kamba kwa kamba, kwa miaka mingi.

Nataka kulieleza jambo hili taratibu kwa sababu habari za aina hii hutufikia zikiwa zimesokotana. Gazeti likiandika "wakazi wapinga mradi", hujui kama wanakataa kuhamishwa, wanakataa mchoro, wanataka fidia zaidi, au wanataka mradi uleule ila ufanywe vizuri. Hayo ni madai manne, na kila moja lina mlango wake serikalini. Ukigonga mlango usio wako utaambiwa urudi kesho mpaka uchoke.

Kwanza tujue tunazungumzia mahali gani. Mukuru ni jina la jumla la mitaa mitatu iliyoshikana kusini-mashariki mwa Nairobi, katikati ya viwanda na kando ya Mto Ngong: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Kaya zilizohesabiwa humo zinapita 100,000, na ardhi yote haifiki ekari 700. Msitu wa Karura, upande wa pili wa jiji, una zaidi ya hekta 1,000, kwa hiyo Mukuru nzima ingeingia Karura mara tatu na nafasi ikabaki. Chumba cha kawaida ni cha mabati, futi 10 kwa 10. Humo ndimo watu hulala, hupika, hulea watoto na kuweka biashara ikibidi.

Ardhi ilivyopata wenyewe wawili

Watu walikaa Mukuru kwa sababu iliyo wazi: kazi iko pale. Kutoka Viwandani unakwenda kiwandani kwa miguu, na kwa mtu wa kibarua nauli ya matatu asubuhi na jioni ni tofauti kati ya kula na kutokula. Ila katika makabati ya Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi, hadithi ni nyingine. Katika miaka ya utawala wa Rais Moi, viwanja vingi vya eneo hili viligawiwa watu binafsi na kampuni kwa ajili ya viwanda vidogo. Hatimiliki zilikuja na masharti ya kawaida ya ardhi ya serikali: ujenge ulichosema utajenga, na ujenge ndani ya muda. Wengi hawakujenga. Baadhi walizipeleka hati benki na kuchukulia mikopo.

Hapo ndipo fundo linapoanza, na wengi huliruka. Juu ya kipande kimoja cha ardhi kuna mwenye hati, ambaye huenda hajawahi kukanyaga pale. Kuna mwenye nyumba, yaani aliyesimamisha vyumba vya mabati kwa kauli ya chifu au wazee na anakusanya kodi, lakini hana karatasi inayotambuliwa. Kisha kuna mpangaji, na katika Mukuru walio wengi mno ni wapangaji. Nyuma yao wote kuna benki iliyoshika hati. Kila mmoja akisema "haki yangu", hasemi uongo kabisa. Basi mtu akisimama jukwaani na kusema "wakazi wanataka", muulize kwa upole: wakazi gani? Mwenye vyumba 20 anataka kutambuliwa kama mwenye mali. Mpangaji anaogopa kwamba mtaa ukitengenezwa, kodi itapanda naye atakuwa wa kwanza kutoka.

Wakazi walijaribu kwanza njia ya moja kwa moja: kununua. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la watu wa mitaa ya mabanda lililoanza 1996, lilikuwa limejenga utamaduni wa vikundi vya akiba. Kupitia mfuko wake, Akiba Mashinani Trust, familia zipatazo 2,200 zilichangishana na kwa msaada wa mkopo wa benki zikanunua ekari 23 pale Mukuru. Ni jambo la kupongezwa, na pia ni hesabu inayotisha. Kaya 2,200 ni tone tu mbele ya 100,000. Kununua Mukuru yote kwa bei ya soko kungehitaji fedha ambazo hakuna kikundi cha akiba kinaweza kuziota. Tena kadiri wakazi wanavyoonekana wako tayari kununua, ndivyo mwenye hati aliyelala anavyoamka na kupandisha bei.

Kwa hiyo wakageuka. Walikwenda mahakamani kuzuia kuondolewa, wakisaidiwa na mawakili wa Katiba Institute. Wanawake wa Mukuru wakakusanya sahihi wakaipelekea serikali ombi kuhusu vyoo. Hili la vyoo lilikuwa na ujanja wake. Kesi ya ardhi ni kesi ya mwenye hati na mvamizi, na mvamizi huanza akiwa ameshindwa. Kesi ya choo ni kesi ya raia na serikali yake, kwa sababu Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, makazi yanayofaa, maji safi na usafi wa mazingira, na hakisemi awe na hatimiliki kwanza. Wanawake wale walihamisha ugomvi kutoka uwanja wasioweza kuushinda kwenda uwanja ambao serikali ndiyo ingelazimika kujibu.

Maskini hulipa zaidi

Silaha nyingine ilikuwa hesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore, na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walifanya kazi pamoja na mashirika ya wakazi kupima mtu wa Mukuru analipa nini kwa huduma, kisha wakalinganisha na mitaa rasmi ya jiji. Walikuta maji yanauzwa hadi asilimia 172 juu ya bei ya kawaida, stima kati ya asilimia 45 na 142 juu, na kodi ya nyumba, ukiigawa kwa ukubwa wa chumba, asilimia 16 juu. Yaani mita moja ya mraba ya mabati inakodishwa ghali kuliko mita moja ya mawe mtaani kwingine, na ya mawe ina choo ndani.

Inawezekanaje? Chukua mtungi. Ukinunua lita 20 kwa shilingi 5 unaona umelipa kidogo. Mitungi 50 ndiyo mita moja ya ujazo, na hapo umelipa shilingi 250. Mtu wa mtaa rasmi anapimiwa na mita, analipia kwa mwezi na maji yanafika jikoni. Wewe umelipia, umepanga foleni, umebeba kichwani, na ukikuta bomba limepasuka katikati ya mtaro wa majitaka utalipia tena hospitali. Stima ni vivyo hivyo: waya mmoja unagawanywa nyumba nyingi na mtu asiye na leseni, naye anatoza kila mwezi atakavyo. Kote katikati wamekaa watu wa makateli, yaani magenge yanayoshika biashara hiyo, ambao wakati mwingine ni wenye nyumba haohao.

Takwimu hizi zilifanya kazi ambayo maandamano peke yake hayafanyi. Maofisa walikuwa wamezoea kusema kwamba watu wa mabanda hawana uwezo wa kulipia huduma. Hesabu ikaonyesha kwamba wanalipa tayari, tena kupita wengine, na fedha hiyo haifiki kwa kampuni ya maji wala hazina ya kaunti. Mbele ya mhasibu wa kaunti, hilo ni pengo la mapato, na pengo la mapato husomwa kwa makini kuliko ombi la msaada.

Kusimamisha ujenzi kulimaanisha nini

Sheria ya Mipango ya Maeneo iliyokuwa ikitumika 2017, Sura ya 286, ilikuwa na kifungu cha 23 kinachoruhusu eneo lenye matatizo ya kipekee litangazwe kuwa maalumu. Kifungu hicho kilikuwa hakijajaribiwa katika mtaa wa mabanda wa ukubwa huu. Sheria mpya ya 2019 iliyochukua nafasi yake imebaki na wazo hilohilo.

Faida yake ya kwanza ni kugandisha. Katika mtaa wa namna hii, uvumi wa mradi ukitoka tu, watu wenye fedha hukimbilia kujenga ghorofa za haraka ili wahesabiwe wakati wa fidia, na wenye hati hukimbilia mahakamani kupata amri za kuondoa watu. Tangazo linasimamisha pande zote mbili, angalau kwa maandishi. Faida ya pili inaonekana ndogo lakini ndiyo moyo wa jambo lote: eneo likiwa maalumu, linaweza kupangwa kwa vipimo vyake na si vya mitaa ya kawaida.

Vipimo vya kawaida vya Kenya vinataka barabara yenye upana wa mita 9 kwenda juu, na shule iwe na uwanja wa ekari kadhaa. Peleka rula hiyo Mukuru, kwenye vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, uone kinachotokea. Kila barabara "halali" utakayochora inapita juu ya vyumba vya mamia ya watu. Shule moja halali inameza kijiji. Kwa hiyo mpango unaofuata sheria neno kwa neno unageuka kuwa amri ya kuhamisha watu, na aliyeuchora atakuapia kwamba hakumfukuza mtu, amefuata mwongozo tu. Ndiyo maana mimi nikisikia mradi umesifiwa kwamba "unazingatia viwango" nauliza viwango vya nani.

Mukuru walichagua kuachia mita. Njia kuu chache zipanuliwe ili gari la zimamoto na la wagonjwa liingie, nyingine zibaki za miguu na mikokoteni, na ikibidi shule ipande juu. Suala la gari la zimamoto lina uchungu wake pale. Septemba 2011 mafuta yaliyovuja kwenye bomba yalilipuka Sinai, jirani na Viwandani, yakaua watu zaidi ya 100. Hakuna mkazi wa huko anayehitaji kushawishiwa kwamba njia inahitajika. Mabishano yalikuwa ipite kwa nani.

Nyumba kumi

Unawashirikisha vipi watu wa kaya 100,000? Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishwaji wa umma kuwa tunu ya taifa, na tangu hapo kila idara imejifunza kuutimiza kwa hema, viti vya plastiki, soda na orodha ya mahudhurio. Anayehudhuria ni yule asiye na kibarua siku hiyo, na anayezungumza ni yule aliyezoea kuzungumza. Jioni idara ina sahihi 200, na kisheria imewasikiliza wananchi.

Wakazi wa Mukuru walikuja na ngazi. Kaya 10 zinaunda kikundi kimoja na kuchagua mtu wao. Vikundi 10 vinakutana, hizo ni kaya 100, nao wanachagua. Kisha wanapanda mpaka kanda. Msomaji wa Tanzania atatabasamu, maana balozi wa nyumba kumi anamjua tangu enzi za TANU. Kenya neno lenyewe lilikuwa na doa, kwa kuwa serikali ilianzisha Nyumba Kumi mwaka 2013 kama mpango wa usalama, na watu wengi waliuona kama njia ya kuchunguzana. Kulitumia umbo hilohilo kuzungumzia bomba la maji ni kitendo cha ujasiri kidogo.

Ngazi hiyo ina faida moja ambayo hema haina: mpangaji anaingia. Kwenye baraza la chifu, mwenye nyumba huongea na wapangaji wake watano wamekaa nyuma wakisikiliza, na nani atampinga ilhali kodi ni wiki ijayo? Kwenye kikundi cha kaya 10 wapangaji ndio wengi. Sisemi hofu iliisha. Lakini walau mama anayekaa mlango wa mwisho karibu na mto aliulizwa maji hujaa hadi wapi.

Upande wa wataalamu, asasi zaidi ya 40 ziligawanywa katika makundi kwa mada: afya, elimu, maji na nishati, ardhi na sheria, fedha, mazingira, nyumba na barabara, pamoja na kundi la kuunganisha jamii. Kila kundi lilifanya kazi na idara husika ya kaunti. Kabla ya yote hayo, nyumba zilihesabiwa, na wahesabuji walikuwa vijana wa palepale, wanaojua kichochoro kipi hakina jina. Mwenye orodha ndiye mwenye mazungumzo. Kama orodha ni ya mkandarasi, siku ya mgogoro mkazi atathibitisha kwa nini kwamba aliishi pale?

Jeshi likaja na mabomba

Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alihamisha baadhi ya kazi za kaunti kwenda chombo kipya, Nairobi Metropolitan Services, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Gavana Sonko akabaki na cheo kilichopungua. Wapenda ugatuzi walilia, na walikuwa na hoja. Mukuru, hata hivyo, ilipata kitu. Chombo kile kilitaka kuonyesha kazi upesi, na Mukuru ilikuwa na jambo ambalo mitaa mingine haikuwa nalo, yaani michoro iliyokwisha kubishaniwa. Barabara zikaanza kuwekwa lami, visima vikachimbwa, vituo vya afya vikajengwa, mabomba ya majitaka yakaanza kupita kwenye vichochoro.

Mabomba hayo yanastahili sentensi zake. Bomba la kawaida la majitaka ni nene, huchimbiwa chini sana na kufuata barabara kuu, kwa kuwa lazima lihimili uzito wa malori. Brazil, kuanzia miaka ya 1980, wahandisi waliuliza: kichochoro kisichopitisha lori kinahitaji kina hicho cha nini? Bomba jembamba, lisilofukiwa mbali, linaweza kupita mlangoni kwa mlangoni likafuata mteremko wa mtaa kama ulivyo. Gharama hupungua na nyumba chache huguswa. Ila lina sharti: majirani wakubaliane lipite wapi, na likiziba walizibue. Hapa ngazi ya kaya 10 ikawa sehemu ya uhandisi.

Halafu ikaja Oktoba 2021. Tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kusafisha njia ya Barabara ya Catherine Ndereba, iliyokusudiwa kupunguza msongamano kuelekea barabara mpya ya kulipia. Bomoabomoa ilipita mbali kuliko upana wa barabara, ikaendelea mwezi uliofuata, na makumi ya maelfu ya watu wakalala nje juu ya vifusi. Serikali iliyokuwa ikilaza mabomba kwa mpango wa wakazi ndiyo iliyokuwa ikibomoa makazi umbali wa matembezi mafupi.

Wengi walihitimisha kwamba mpango ulikuwa karatasi tupu. Mimi naona jibu ni gumu zaidi ya hapo. Mpango wa eneo unasema ardhi itumike vipi. Hausemi ardhi ni ya nani. Mambo haya mawili yako kwenye sheria tofauti, ofisi tofauti, na kwa Kenya hata serikali tofauti: mipango ya mji ni kazi ya kaunti, hatimiliki ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mkazi aliyeshinda kwenye mpango ameshinda nusu moja. Nusu nyingine, yule mwenye hati wa enzi za Moi, hakuguswa hata kidogo na tangazo la 2017. Palipokuwa na mabomba hapakuwa na haki ya kubaki, na msukumo wa barabara kubwa ulipokuja kutoka juu, hakukuwa na karatasi ya kuuzuia.

Waliopata nusu ile nyingine

Linganisha na Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wakazi wale walikuwa wapangaji wa nyumba za zamani za manispaa, wakaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupisha ujenzi mpya, na kwa miaka wakabaki na uwanja mtupu na ahadi. Walikuwa kaya 644, na namba hiyo waliishika kama tasbihi. Hawakuwa na mchoro wao. Hawakudai upana wa barabara. Walidai kurudi. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza wajengewe, wakae miaka 5 bila kodi, na Machi 2022 Rais Samia akazindua nyumba 656. Walipata haki ya kurudi bila kuwa na sauti kwenye mpango, kinyume cha Mukuru. Na ugomvi uliofuata ulikuwa palepale ambapo hawakuwa na sauti: bei ya kununua, na ukubwa wa nyumba kwa familia zilizokuwa zimekua. Tena walisikilizwa kwa kuwa rais alitaka. Rais mwingine angeweza asitake.

Nusu zote mbili, mpango na umiliki wa ardhi, zilikutana mahali pamoja ninapopakumbuka, na ni mbali na kwetu: Coin Street, Waterloo, kando ya Mto Thames jijini London. Kampuni iitwayo Greycoat ilitaka kujenga maofisi kwenye ekari 13. Wakazi waliunda kundi lao 1977, wakaandika mpango mbadala wa nyumba za kupanga na bustani, wakapita katika mabaraza mawili marefu ya uchunguzi. Waziri akaidhinisha mipango yote miwili, wa kampuni na wa wakazi, jibu la ajabu kidogo. Nusu ya ardhi ilikuwa ya serikali ya jiji, ambayo wakati huo iliongozwa na chama cha Labour na iliwaunga mkono wakazi. Kampuni ikachoka, ikaiuzia serikali ya jiji sehemu yake 1984, na jiji likawauzia wakazi eneo zima kwa pauni milioni 1.

Pauni milioni 1 kwa ekari 13 za ukingo wa mto katikati ya London ni bei ya kuokota. Siri yake ni masharti. Jiji lilifunga kwenye hati kwamba ardhi ile itumike kwa nyumba za kupanga za bei nafuu, bustani na matumizi ya jamii. Mthamini akija kupima ardhi isiyoruhusiwa kujengwa ofisi, hawezi kuipa bei ya ofisi. Kwa maneno mengine, ardhi haina bei yake yenyewe. Bei yake ni ya kile kinachoruhusiwa kusimama juu yake, na anayeruhusu ni mpango.

Sasa irudishe fikra hiyo Mukuru. Kiwanja cha viwanda kilichokaliwa na watu maelfu, kilichokiuka masharti ya kuendelezwa kwa miaka 30, ndani ya eneo ambalo mpango unasema ni la makazi, kina thamani gani? Kama kaunti au serikali ya kitaifa ikitaka kukitwaa kwa lazima kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, mwenye hati atadai bei ya kiwanda. Mwanasheria wa wakazi atasema mpango umeondoa kiwanda, na masharti yaliyovunjwa yameondoa hata sehemu ya haki. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo inayoamua kama Mukuru inaweza kuwa ya watu wake au la. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani kubwa kabisa ya tangazo la 2017, na ndiyo iliyotumiwa kidogo zaidi.

Maghorofa

Badala ya hapo serikali ilishika njia nyingine. Mei 2025 Rais Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza za mtaa mpya wa Mukuru, sehemu ya mradi wa nyumba nafuu utakaokuwa na 13,248 ukikamilika. Zile ndogo kabisa hulipiwa karibu shilingi 3,900 kwa mwezi mpaka ziwe mali ya mkazi. Kwa aliyepata ufunguo, aliyehama kutoka futi 10 kwa 10 kwenda kwenye nyumba yenye choo na bomba ndani, hakuna makala itakayomwambia amekosea. Lakini hesabu ifanywe: nyumba 13,248 kwa kaya zaidi ya 100,000 ni kaya moja kati ya kama 8. Na malipo ya kila mwezi kwa tarehe maalumu hayafanani na mapato ya mtu wa kibarua, anayepata leo akakosa kesho. Kibera walishaliona hilo mwaka 2009, familia zilipohamishiwa nyumba mpya za Lang'ata na wengine wakazikodisha kwa watu wenye mishahara, wakarudi kwenye mabati.

Mpango wa wakazi ulisema kitu kingine kabisa: tubaki hapahapa, mtuwekee maji, njia na majitaka, na nyumba tutaziinua wenyewe pole pole. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali ilipobomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, "hapahapa" ilizidi kuwa finyu. Wengine walipewa shilingi 10,000 na kuambiwa watafute pengine.

Mtu wa mtaa mwingine, awe Mathare au Manzese, akiniuliza aanzie wapi kabla mwekezaji hajaja na picha zake za rangi, nitamwambia asianze na mchoro. Aanze na upekuzi wa hati: nani ameandikwa, tangu lini, kwa masharti gani, na kama kuna benki iliyoishikilia. Nairobi kazi hiyo sasa hufanyika kwenye Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021, na mtu anaweza kuufungua kwenye simu. Utaombwa namba ya kiwanja. Mukuru, ambako vyumba vya mabati vimefuta mipaka yote ya vile viwanja vya viwandani, muulize jirani yako anakaa kiwanja namba ngapi.